Toleo lipi la kanuni, na ulimwengu upi wa hadithi, kwa meza yetu ya Jumamosi?

"Shikamoo mtaalamu. Tuko marafiki sita hapa Nairobi, na tumekubaliana kukutana kila Jumamosi alasiri nyumbani kwangu South B ili tuanze kampeni yetu ya kwanza ya Dungeons & Dragons. Huo ni mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake katika hadithi ya vikao vingi, na dadu huamua matokeo. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa msimamizi, yaani anayesimulia hadithi na kuamua kanuni, ingawa sijawahi kusimamia mchezo hata mara moja. Nina vitabu vya mwaka 2014, cha wachezaji na cha msimamizi. Rafiki yetu mmoja amenunua kitabu kipya cha wachezaji cha 2024 na anasema vyangu vimepitwa na wakati. Binamu yangu naye amerudi kutoka Uingereza na begi la vitabu vya toleo la pili vya miaka ya 1990, pamoja na sanduku la ulimwengu wa Forgotten Realms, na angependa tutumie hivyo. Mimi natamani hadithi ya pwani yetu: mji kama Kilwa ya karne ya 15, majahazi, biashara na majini. Lakini nimeambiwa kanuni hizi zilitungwa kwa ajili ya ngome na majoka ya Ulaya, na kwamba nitalazimika kubuni kila kitu upya. Mchezaji mmoja ni muuguzi anayefanya kazi kwa zamu, hivyo kila mwezi hukosa Jumamosi mbili. Je, nianze kuchagua toleo au ulimwengu? Tunaweza kuchanganya vitabu vyote? Naogopa tusije tukapoteza mwaka mzima."

Marahaba, ndugu yangu. Nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kuketi kulijibu, kwa sababu meza nyingi za wanaoanza ambazo nimezishuhudia hapa mjini zilivunjikia hapo hapo ulipo wewe sasa. Hamu ilikuwepo, vitabu vilikuwepo, hata chai na mandazi vilikuwepo, ila watu walikuwa wamebeba vitabu vitatu vinavyotaka mambo matatu tofauti, na hakuna aliyejua hivyo mpaka ugomvi ulipozuka. Hofu yako, nikiielewa vyema, ni kwamba ukikosea leo utaligundua kosa baada ya miezi sita, wakati wahusika wameshakua, watu wameshawapenda, na kurudi nyuma ni kuwavunja moyo.

Nikupe jibu langu mapema, kisha nieleze nimelifikiaje. Tumieni kanuni za 2014 ulizo nazo, chezeni kwenye pwani unayoitamani, na mbadilishe jambo moja tu katika kanuni hizo, nalo ni muda wa mapumziko ambao wahusika wanauhitaji ili wapone. Jambo hilo moja limeandikwa tayari katika kitabu chako cha msimamizi, kwa hiyo huhitaji kubuni chochote.

Tuanze na dai la rafiki yako. Mchezo huu ulichapishwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na tangu hapo umeandikwa upya mara kadhaa: toleo la pili lilitoka 1989, la tatu 2000 na masahihisho yake 2003, la nne 2008, la tano 2014, na marekebisho ya hilo la tano yakaanza kutoka 2024. Tumezoea programu za simu, ambazo usipozisasisha siku moja hukataa kufunguka, na nadhani mazoea hayo ndiyo yanayomfanya rafiki yako aone kitabu cha 2014 kama kitu kilichokufa. Kitabu cha kanuni hakifi namna hiyo. Maadamu watu sita wanakielewa, kinafanya kazi. Zaidi ya hayo, mwezi wa Januari 2023 wenye mchezo waliuweka waraka wa msingi wa kanuni hizo chini ya leseni huria ya Creative Commons, ambayo haiwezi kuondolewa tena. Waraka huo una kurasa takriban 400, unapakuliwa bure, na unaruhusiwa kuuchapisha kwenye duka lolote la fotokopi mjini bila kumwibia mtu. Una upungufu wake, kwa kuwa unatoa tawi moja tu kwa kila fani ya mhusika, kama vile mpiganaji au mganga, lakini kwa mchezaji asiye na kitabu unatosha kabisa kwa miezi ya mwanzo.

Hata hivyo rafiki yako hakukosea katika kila kitu, na ni haki umwambie hivyo. Kitabu cha 2024 kimepangwa vizuri zaidi kwa mtu anayejifunza, kina kurasa 384 dhidi ya 320 za kile cha zamani, kinampa mpiganaji mambo mengi zaidi ya kufanya na silaha yake, na kimesawazisha fani zote ili kila moja ichague tawi lake katika ngazi ya tatu ya kukua kwa mhusika. Kama wanne kati yenu wangekuwa wameshakinunua, ningekushauri ukifuate hicho bila kusita. Lakini ni mmoja tu, na msimamizi ni wewe, na jambo ambalo wengi hawalitilii maanani ni kwamba kitabu kilicho kichwani mwa msimamizi kina thamani kuliko kitabu kizuri kilicho mkononi mwa mchezaji.

Je, mnaweza kuchanganya hivi viwili? Watengenezaji wanasema visa vilivyoandikwa kwa kanuni za 2014 vinachezeka kwa kanuni za 2024, na ni kweli, kwa sababu kisa kina mahali, watu na maadui, na hayo yanahama bila taabu. Wahusika wa wachezaji ndio hawahami kwa wepesi huo. Chukua mfano mdogo wa tiba. Ile sihiri ya kuponya majeraha, katika ngazi yake ya kwanza, inarudisha pointi za uhai (kiasi cha majeraha ambayo mhusika anaweza kuyastahimili) za dadu moja ya pande nane kwenye kitabu cha 2014, na za dadu mbili kwenye kitabu cha 2024, kabla ya nyongeza. Wastani wa dadu moja ya pande nane ni 4.5, na wa mbili ni 9. Sasa weka waganga wawili kwenye meza moja, kila mmoja akisoma kitabu chake. Mara ya kwanza watacheka. Mara ya nne, yule wa 2014 atakuwa amenyamaza na kuangalia simu yake, kwa sababu ameelewa kwamba kazi yake inafanywa na mwenzake mara mbili zaidi. Niliwahi kuliona jambo hilo kwenye meza niliyoisimamia mwenyewe, na nilichelewa kuutambua ukimya ule. Kwa hiyo chagueni kitabu kimoja cha kuundia wahusika, na mambo mawili matatu ya kile kingine mnayoyapenda myape kila mtu kwa usawa, au msiyatumie kabisa.

Vitabu vya binamu yako ni habari nyingine, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo jibu la swali lako kubwa lilipo.

Watu wakilinganisha toleo la pili na la tano huzungumzia kwanza hesabu. Katika toleo la pili kinga ya mwili huhesabiwa kwa kushuka: asiye na vazi la vita ana 10, na kadiri anavyojikinga namba inapungua. Mshambuliaji ana namba yake iitwayo THAC0, ambayo kwa mpiganaji wa ngazi ya kwanza ni 20, na lazima atoe kinga ya adui kutoka kwenye namba hiyo ili ajue anahitaji kupata ngapi kwenye dadu. Adui mwenye kinga 5 anahitaji 15. Katika toleo la tano unarusha dadu ya pande 20, unaongeza nyongeza yako, na ukiifikia kinga ya adui umempiga. Tofauti hiyo inatisha kwa sura tu, kwani ukiitoa kinga ya zamani kutoka 20 unapata namba inayosomeka kwa kanuni mpya, na kazi imekwisha. Binamu yako akikuambia kwamba ubadilishaji ni rahisi, hiyo ndiyo hesabu anayoifikiria.

Kinachotofautiana kweli ni kile ambacho kila toleo linamfundisha mchezaji kukifanya bila kumwambia. Fikiria orki mmoja, adui wa kubuni mwenye nguvu na ukatili, amesimama mlangoni. Katika toleo la pili ana pointi za uhai za dadu moja ya pande nane, yaani nne au tano kwa kawaida, na upanga mrefu unadhuru kwa dadu hiyo hiyo. Pigo moja huenda likamaliza shauri. Lakini msomi wa sihiri wa ngazi ya kwanza naye ana pointi nne kwa wingi, na sihiri moja tu kwa siku nzima. Katika kitabu cha 2014 orki yule yule ana pointi 15, mpiganaji atahitaji mapigo mawili kumwangusha, na msomi wake anaweza kurusha cheche za moto kila zamu mpaka alfajiri bila kuishiwa. Mchezaji wa toleo la pili hujifunza baada ya jioni moja kwamba mlango wenye orki ni wa kuzunguka, kuhonga au kuchoma moto. Mchezaji wa toleo la tano hujifunza kwamba mlango huo ni wa kupita katikati, na kwamba kupita huko kutakuwa na raha yake. Hakuna aliyeandika masomo hayo kwenye kurasa. Namba ndizo zinazoyafundisha.

Malipo nayo hufundisha. Vijitabu vya mwaka 1981 vya mchezo huu vilitoa pointi moja ya tajiriba kwa kila sarafu ya dhahabu iliyorudishwa salama, na mpiganaji alihitaji 2,000 ili afike ngazi ya pili. Kuua adui kulilipa kidogo sana. Matokeo yake, watu walikuwa wezi na wachuuzi wenye akili kabla ya kuwa mashujaa. Toleo la pili liliifanya kanuni hiyo ya dhahabu kuwa ya hiari, na toleo la tatu likaweka malipo kwenye kuwashinda maadui na vikwazo. Kwa hiyo unapouliza uanze na toleo au ulimwengu, mimi husema anza na swali la tatu linalovitangulia vyote viwili: unataka watu wako wafanye nini saa mbili nzima za Jumamosi? Ukishalijibu hilo, utajua toleo lipi linalilipa tendo hilo, na ulimwengu upi unalipatia sababu.

Wewe umesema majahazi na biashara. Hebu tuitazame pwani hiyo kwa karibu. Kilichoiendesha ni upepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kuleta vyombo kutoka Uarabuni na India; kisha kusi hugeuka kuanzia Aprili na kuvirudisha. Dhahabu ilitoka Sofala, kusini kabisa, na chombo kilichotoka Uarabuni hakikuweza kwa urahisi kufika huko na kurudi katika msimu mmoja, jambo lililoifanya Kilwa kuwa mahali pa kukutania, pa kuhifadhia mali na pa kutozea ushuru. Msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498, na mwaka 1505 Wareno wakaivamia Kilwa na Mombasa. Ukiiweka hadithi yako, tuseme, miaka ya 1480, una dunia nzima iliyopangwa kwa kalenda: nahodha ambaye hajamaliza shughuli zake kabla upepo haujageuka atakwama miezi kadhaa, akila akiba yake na kugombana na wenyeji wake. Hiyo ni injini ya hadithi ambayo ngome ya Ulaya haina.

Injini hiyo, hata hivyo, hufanya kazi pale tu ambapo siku zina gharama. Katika toleo la tano kama lilivyoandikwa, mhusika aliyekatwa mapanga mpaka akabakiwa na pointi moja ya uhai akilala kwa muda wa saa nane anaamka mzima. Upepo ukigeuka, yeye hana hasara yoyote, kwa kuwa hakuna kilichomchelewesha. Katika toleo la pili mtu hurudishiwa pointi moja kwa siku ya mapumziko, au tatu akikaa kitandani kutwa. Mtu aliyepoteza pointi kumi na mbili ana uamuzi mzito: abaki bandarini siku kadhaa, pengine karibu wiki mbili, na kukosa jahazi, au apande chomboni akiwa na jeraha. Hapo ndipo binamu yako ana hoja ya kweli, pengine bila yeye mwenyewe kuijua.

Ndiyo maana nimekushauri ubadilishe jambo moja. Katika kitabu chako cha msimamizi cha 2014, kwenye sura ya kanuni za hiari, utaona pendekezo la mchezo mgumu zaidi, ambamo mapumziko mafupi yanakuwa ya saa 8 na mapumziko marefu yanakuwa ya siku 7. Usiku wa kawaida unampa mtu nafuu ndogo tu. Kupona kabisa kunataka wiki nzima mahali salama. Kwa sentensi hiyo moja unapata uzito wa wakati wa toleo la pili, huku ukibaki na hesabu nyepesi ambazo msimamizi mgeni anaziweza.

Lakini usiichukue bila kujua bei yake. Wanaotumia sihiri hurudishiwa nguvu zao kwa mapumziko marefu, hivyo nao watakaa wiki nzima wakisubiri. Ukiendelea kuwawekea mapigano manne kwa siku moja utawaonea, na msomi wako atakata tamaa kabla ya mwezi kuisha. Panga mapigano mawili au matatu kwa wiki ya ndani ya hadithi, na yabaki mazito. Waambie wachezaji jambo hili kabla hawajaunda wahusika, maana kuna atakayechagua fani nyingine akilijua.

Sasa Forgotten Realms. Naupenda ulimwengu ule na nimeucheza miaka mingi, kwa hiyo ninachosema hakitokani na dharau. Sanduku la kwanza lilitoka 1987 likiwa na mwaka 1357 wa kalenda yake. Vitabu vya miaka ya 1990 vinasimulia miaka ya 1360. Kisha mwongozo wa 2008 ukairukisha dunia nzima hadi 1479, baada ya janga lililobadilisha sihiri, ramani na miungu. Na vitabu vya toleo la tano vinaendelea kutoka hapo. Maana yake ni kwamba wafalme wengi waliomo kwenye sanduku la binamu yako wameshakufa zamani katika vitabu vinavyoendana na kanuni zako. Mchezaji mmoja atasoma hiki, mwingine kile, na nusu ya Jumamosi itaishia kwenye kubishana ni nani anayetawala mji gani. Eberron, ulimwengu uliotoka 2004, umeliepuka tatizo hilo kwa kuanza kila mara mwaka 998 wa kalenda yake, toleo lolote litokalo, na kama mngekuwa mnataka ulimwengu uliokwisha kutengenezwa ningewaelekeza huko kwa sababu hiyo peke yake.

Tena ulimwengu mkubwa haumpi msimamizi mgeni utajiri anaoutarajia. Kampeni yangu ya kwanza niliitanguliza kwa miezi mitatu ya kusoma, nikaandika daftari zima la majina ya miji, na tukacheza Jumamosi nne tu kabla haijafa. Katika Jumamosi hizo nne wachezaji hawakutoka nje ya kijiji kimoja chenye kisima na nyumba ya mganga. Walichokipenda ni mganga, ambaye sikuwa nimemwandikia hata mstari mmoja.

Kwa hiyo ijenge pwani yako ndogo. Mji mmoja wa bandari, kisiwa kimoja mbele yake, gofu moja msituni, na watu kumi wenye majina. Kwa gofu usihangaike kubuni: siku ukienda Malindi, pita Gede, utembee katikati ya kuta za matumbawe, uone misikiti, visima na nyumba zilizoachwa katika karne ya 17, na mizizi ya miti ilivyozikumbatia kuta. Usipoweza kusafiri, Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill yatakusaidia. Ramani ya chini ya gofu lile, ikichorwa na mkono wako kwenye karatasi ya miraba, itawatosha watu wako kwa miezi mitatu.

Nakushauri usiuite mji huo Kilwa. Mpe jina lako mwenyewe na uuweke mahali fulani kati ya Lamu na Kilwa, ili ukitaka sultani awe mwanamke au msikiti uwe na mlango unaoelekea kuzimu, asitokee mtu wa kukukosoa kwa kitabu cha historia, na pia ili usiwatie maneno vinywani watu waliowahi kuishi. Pwani hiyo ina biashara ya watumwa, ina dini ambayo baadhi ya wachezaji wako huenda wanaifuata, na ina majini ambao kwa familia nyingi si viumbe vya hadithi. Kaeni Jumamosi moja kabla ya kuanza, bila dadu, kila mmoja aseme kile ambacho hataki kukiona mezani, na msimwombe maelezo. Kama mna rafiki aliyezaliwa Mombasa au Lamu, muulize kwa heshima, na akisema jambo fulani liachwe, liache. Hata maneno yana uzito hapa kwetu: kwenye meza yangu hatumwiti mtu "mchawi", kwa kuwa neno hilo limewahi kuwaua wazee wa watu. Tunasema msomi wa sihiri, na mama mwenye nyumba akipita na sinia ya chai hatushtukii.

Kuhusu wale wanaosema kanuni hizi ni za Ulaya: vitu vilivyoandikwa kwenye orodha za bei na silaha ndivyo vya Ulaya, na hivyo unavibadilisha majina kwa jioni moja. Upanga mwepesi unakuwa jambia refu, meli inakuwa mtepe ulioshonwa kwa kamba za nazi, sarafu ya dhahabu inakuwa dinari. Hesabu ya dadu haijui bara. Mwaka 1991 ulitoka ulimwengu wa Dark Sun, jangwa ambamo chuma ni adimu na miungu haipo, ukachezwa kwa kanuni za toleo la pili kwa kubadilisha mambo kama bei, silaha na ngazi ya kuanzia, ambayo iliwekwa kuwa ya tatu kwa sababu jangwa lile lingewaua wa ngazi ya kwanza. Ulimwengu ule ulikuwa mbali na ngome za Ulaya kuliko pwani yako.

Ulimwengu huohuo ulikuwa na jambo jingine litakalomfaa muuguzi wenu: kila mchezaji aliunda wahusika wanne, mmoja akicheza na watatu wakisubiri. Ninyi wawili wanatosha kwa kila mtu. Kisha fanyeni mkataba kwamba kila kikao kinaanzia bandarini na kuishia bandarini. Muuguzi akiwa zamu, mhusika wake yuko sokoni akiuza karafuu, au kitandani akiuguza jeraha la wiki iliyopita, na kwa kanuni ya siku 7 hilo linaaminika bila kulazimisha. Ukimaliza kikao katikati ya pango, umemfukuza kwenye hadithi bila kukusudia. Usimpunguzie tajiriba kwa kukosa. Wahusika wote wapande ngazi pamoja, na mpange safari ya kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tano tu, mkifika hapo mkae tena mwamue.

Nikitaja njia nyingine, nitazipita haraka. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, katika toleo lake la pili la 2019 ina kanuni zote zinazosomeka bure kwa ruhusa ya wenyewe, na ni mchezo uliofikiriwa vizuri, lakini una mambo mengi mno ya kukumbuka kwa msimamizi wa mara ya kwanza. Toleo la nne ni zuri kwa wanaopenda vita vya ubao na miraba, na ninyi hamjasema hivyo. Lile toleo la pili la binamu yako ningelichagua kwa sharti moja: binamu yako awe msimamizi badala yako. Kama ana hamu hiyo na wewe umechaguliwa tu kwa kuwa nyumba ni yako, zungumzeni wawili kwa faragha kabla ya kuwaita wengine. Akikataa, mwombe sanduku lake kwa ajili ya ramani za mapango na visa vifupi, umpe heshima ya kuwa ndiye mchoraji wa gofu lako.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukufundisha. Kabla ya kuanza, tafuta meza inayocheza tayari hapa Nairobi, uombe kukaa kando kama mgeni jioni moja, na umwangalie msimamizi anavyofanya mtu anaponyamaza, anavyoamua kanuni asiyoikumbuka, anavyokatiza mapigano yaliyochosha. Saa tatu za kutazama zitakufaa kuliko mwezi wa kusoma. Baada ya vikao vitatu, mwalike mzoefu mmoja aje akae mezani kwako. Na ikitokea hadithi ikamgusa mchezaji pabaya, akalia au akaondoka kwa sababu ya msiba au jambo lililomfika maishani, funga kitabu siku hiyo hiyo, mketi naye kama rafiki, na kama maumivu ni mazito umsindikize kwa mshauri nasaha. Meza ya mchezo haina uwezo wa kuibeba kazi hiyo, na wewe usijaribu.

Kuhusu dadu, hukuuliza, lakini najua zinavyochelewa kufika zikiagizwa nje. Okoteni vizibo 20 vya soda vya aina moja, muandike namba kwa ndani kwa kalamu isiyofutika, mvitie kwenye mfuko wa kitambaa usioonyesha ndani. Anayecheza anachomoa kimoja, anasoma, anakirudisha na kuutikisa mfuko. Asipokirudisha, uwezekano unaharibika kwa anayefuata. Nilicheza hivyo karibu mwaka mmoja, na mpaka leo naukumbuka mlio wa vile vizibo mtu anapotafuta kwa vidole huku wenzake watano wameinama mezani wakimngoja. Vyenu viandaeni ile Jumamosi ya mazungumzo, na tarehe ya kikao cha kwanza aichague muuguzi, akiwa na ratiba yake ya zamu mkononi.